Matone Saba ya Mama Rangi

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa jasho.

Ndani ya lile ghala, chini ya taa za kupigia picha, hakuna aliyesalimika na jasho. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa turubai jeusi ili mchana ujifanye usiku, na joto likakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mwongozaji alikuwa akilowa hadi karatasi zake zikawa ugali. Fundi sauti alilowa hadi hedifoni zikamteleza masikioni. Hata mdoli wa mpira waliyekuwa wakimtupa kutoka darini badala ya mtu alikuwa na sura ya kuomba likizo. Na Mama Rangi, mpambaji wa nyuso, kazi yake kubwa ilikuwa kukimbia huku na huko na karatasi laini, akifuta watu vipaji vya uso kabla kamera haijawaona.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, alimgusa mume wake kwenye kipaji cha uso, na karatasi ikarudi kavu.

"Leo umekauka wewe," akasema.

"Nimekuwa staa, mke wangu. Mastaa hawatoki jasho, wanatoa mwanga."

Mama Rangi akacheka, akachovya brashi kwenye poda. Poda haikushika. Ilimporomoka shavuni kama mchanga juu ya kioo. Akajaribu tena, ikaporomoka tena. Akaweka kiganja chote juu ya shavu lile alilolijua kuliko njia ya kwenda kwao, akakuta ni baridi, baridi ya kijiko kilichosahaulika ndani ya maji.

"Unaumwa?"

"Nina kiu tu," alijibu mumewe, na akayafumba macho taa ilipomgeukia.

Huyo mume watu walimwita Marehemu, na hakuna aliyeona kuwa ni vibaya. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiigiza maiti. Amepigwa risasi, amezama, ameanguka ghorofani, amelishwa sumu na mashangazi wa kila aina. Katika picha moja alikufa mara mbili, mara ya pili akiwa na sharubu. Hakuna aliyejua kufa kama yeye. Angeweza kulala sakafuni dakika tano nzi akimtembea puani, wala kope isitikisike. Na majeraha yote hayo, kila tundu, kila mchubuko, yalichorwa na mkewe. Walikutana hivyo. Siku ya kwanza alimchora koo lililokatwa, naye akafumbua jicho moja akamnong'oneza, "Dada, nikifufuka utakuwa na nafasi?"

Sasa, baada ya miaka kumi na mmoja, alikuwa amepewa kuigiza mtu anayeongea. Na si mtu hivi hivi: ndiye mwenyewe, mnyonya damu wa kwanza duniani, katika picha kubwa ya kutisha yenye mapanga, mapepo na watu wanaoruka hewani kwa kamba za chuma. Hadithi ilieleza namna alivyoanza kuwa hivyo. Shujaa aliyeshindwa vita anakunywa bakuli la damu, anatamka kiapo, na kitu kisicho na jina kinaingia ndani yake.

Kiapo chenyewe waliletewa na mganga mmoja mwenye suti iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikakata. Hakutaka hela. Alitaka maandishi mwishoni mwa picha yamtaje kama Mshauri wa Mambo Yasiyoonekana. Tangu siku hiyo akaitwa Mshauri, naye akawa anaitika kwa kukohoa kwanza.

Sasa turudi nyuma siku moja, Jumatano, kwa sababu jasho halikauki bila sababu.

Jumatano walipiga picha ya bakuli. Damu ya Mama Rangi ilikuwa sifa ya ghala zima: maji, sukari iliyochemshwa, rangi nyekundu, na kakao kidogo ili isiwe kama juisi. Lakini kamera iliwekwa karibu mno, shubiri moja kutoka mdomoni, na taa ziliipasha ile sukari ikawa nyepesi.

"Sirapu!" alipiga kelele mwongozaji. "Naona sirapu! Mnyonya damu wangu anakunywa dawa ya kikohozi!"

Mara nne walirudia, mara nne ilikataliwa. Na kila kurudia kulimkoroga Marehemu. Mara ya kwanza alitamka kiapo vizuri. Ya pili alimeza neno. Ya nne alisimama mdomo wazi, kimya, kama mtu aliyefika sokoni akasahau alitumwa nini.

"Saa tisa," mwongozaji alisema, bila ukali, na hapo ndipo penye kuumiza. "Ikifika saa tisa haijapatikana, namuita mwingine. Samahani, ndugu yangu. Wewe kufa unaweza. Kusema ndiko kugumu."

Marehemu alikwenda kukaa nyuma ya masanduku ya nyaya. Mama Rangi alimkuta anarudia kiapo kwa midomo bila sauti.

"Usimwache anibadilishe," alisema. "Nitarudia hata mara mia. Mwambie nitarudia."

Hakuna mke ambaye angemsikia mume wake akisema hivyo akarudi kukoroga kakao. Mama Rangi alichukua bakuli, akaenda nyuma ya pazia, akachukua wembe wake wa kunyolea nyusi, akajikata ncha ya kidole. Alihesabu matone saba. Aliyakoroga ndani ya ile sirapu, akainamisha bakuli akalitazama ukingoni. Ilishika. Ilitambaa polepole, nzito, nyeusi kidogo, ikaacha njia nyuma yake. Alijisikia fahari, fahari ya fundi, na hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko yote.

Saa tisa kasoro dakika kumi alimpa mumewe bakuli kwa mkono wake mwenyewe. Marehemu akatamka kiapo chote, neno kwa neno, akanywa.

Ghala zima lilitulia. Feni ya kupoza mashine ilisimama. Ikaja harufu ya udongo uliolowa, na nyuma yake harufu ya chuma, kama mtu ameshika sarafu kiganjani siku nzima. Marehemu aliyumba, akashika meza, akanyooka tena.

"Imepatikana!" mwongozaji alipiga makofi. "Huyo ndiye! Alikuwa wapi huyo?"

Swali zuri. Hakuna aliyejua kwamba lilikuwa swali.

Basi Alhamisi, baada ya ile poda kukataa, Mama Rangi alimpaka mume wake mafuta ya mgando kama gundi, rangi ikashika kwa shida, naye akaendelea na kazi. Saa tano fundi sauti akamwita kwa kidole. Alikuwa kijana mzima wa miaka thelathini, mcheshi, mwenye tabia ya kulalamika hata akipewa zawadi. Leo hakulalamika.

"Shemeji, hebu vaa hizi."

"Nina kazi."

"Vaa, nakuomba. Unajua siku zote namgombeza mumeo. Maiki ndogo naibandika kifuani, moyo wake unapiga ngoma, unaniharibia maneno. Jana asubuhi ulikuwa unapiga kama mtu anahama nyumba." Alimsogezea hedifoni. "Sikiliza sasa."

Mama Rangi alivaa hedifoni. Mbele yao, hatua ishirini, Marehemu alikuwa amesimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta wa mbao, akisubiri taa zipangwe, maiki ikiwa kifuani.

Hakukuwa na kitu. Alisikia kitambaa cha shati. Alisikia mtu akiburuta kiti upande wa pili. Moyo hakuusikia, pumzi hakuisikia. Kisha, kutoka mbali sana, chini kabisa ya kifua kile, kama kutoka chini ya kisima kilichofunikwa, akasikia kitu kikimeza. Kilimeza funda moja, kikatulia, kikameza tena. Marehemu, pale kivulini, akageuza shingo taratibu akawatazama wote wawili, ingawa hakuna aliyemwita.

"Mimi nimebadilisha betri mara tatu," fundi sauti alinong'ona. "Shemeji, niambie ni betri."

"Ni betri," alisema Mama Rangi, akazivua hedifoni akamrudishia.

Alimfuata mumewe, akamvuta nyuma ya masanduku ya nyaya.

"Umekula nini tangu jana?"

"Chakula hakipiti. Nimejaribu mkate, nimejaribu maji. Hakipiti." Alimwangalia mkewe kwa haya, kama mtoto aliyekojoa kitandani. "Ile ya jana. Ile ya bakuli. Iliyobaki uliimwaga?"

"Niliimwaga."

"Uliweka nini mle?"

Macho ya mumewe yalikuwa yameshashuka hadi kwenye kidole chenye plasta, yakakaa hapo, na Mama Rangi akaona ulimi ukipita juu ya midomo aliyoipaka rangi yeye mwenyewe. Kisha Marehemu akafunika uso kwa mikono miwili. "Niondokee," alisema ndani ya viganja. "Mke wangu, nenda mbali kidogo. Tafadhali."

Mama Rangi akatoka nje kwenye jua kali, akampigia simu Mshauri. Alipofika kwenye matone saba, upande wa pili Mshauri alisahau kukohoa.

"Mama, umefanya nini? Yale maneno ni kelele! Bila damu ni kelele tu, ningeweza kuyaimba bafuni! Ndiyo maana niliwapa! Nani alikwambia uweke damu ya kweli kwenye picha?"

"Ilikuwa haishiki kwenye bakuli," alisema Mama Rangi, na akaanza kulia.

"Usimwache karibu na mtu. Nakuja."

Lakini mwongozaji hakujua habari za kungoja. Mama Rangi aliporudi ndani, pambano lilikuwa limeanza. Marehemu alikuwa ameshafungwa kamba za chuma kiunoni, amevutwa juu, akipigana hewani na watu watatu wenye mapanga ya mbao, na kamera zote mbili zikienda. Watu walishangilia. Alikuwa anazunguka kama jani, anapiga teke moja watu wawili wanaanguka. Mama Rangi alitaka kupiga kelele, ikamtoka pumzi tu, kwa sababu aliona kitu ambacho wengine, kwa furaha yao, walikuwa hawajakiona. Kamba za chuma zilikuwa zimelegea. Zilining'inia pembeni, ndoano zikiwa wazi, zikigongana taratibu kama vijiko, na mume wake alikuwa bado juu, mita tatu kutoka sakafuni, hajashikwa na chochote, akigeuza kichwa upande huu na upande ule kama anayetafuta harufu imetokea wapi, mpaka uso wake ukatulia juu ya fundi sauti aliyekuwa amesimama chini na mti wake wa maiki, ameduwaa, akisikiliza masikioni mwake lile funda ambalo sasa halikuwa mbali tena.

Alimshukia kama turubai lililokatwa kamba.

"Usizime!" mwongozaji alipiga kelele, machozi ya furaha yakimtoka. "Asizime mtu kamera! Angalieni kazi hiyo! Angalieni!"

Fundi sauti alipiga ukelele mmoja, na watu wakapiga makofi, kwa sababu ulikuwa ukelele mzuri. Damu iliruka ikachora mstari kwenye ukuta wa mbao. Mama Rangi alitazama jeraha shingoni, akijua kila jeraha lililokuwa limepangwa siku hiyo, namba yake na rangi yake.

Lile hakulichora yeye.

Alinyakua mtungi wa kuzimia moto ukutani, akakimbia, akampulizia mume wake ule unga mweupe usoni, na alipoona haachi akampiga na mtungi wenyewe begani, mara mbili, akilia na kuomba msamaha kwa kila pigo. Marehemu aliachia. Alirudi nyuma kwa mikono na miguu, akapanda ukuta kinyumenyume hadi kwenye kona ya dari, akajikunja humo, mweupe kwa unga, mdomo mwekundu. Hapo ndipo ghala likaelewa. Watu walitoka kwa mlango mmoja, wote kwa pamoja, mwongozaji akiwa wa kwanza licha ya tumbo lake. Wawili waliokuwa na moyo walimbeba fundi sauti hadi kwenye gari. Aliishi. Hospitali aliwaambia ni msumari.

Mshauri aliwasili saa nane mchana, suti imejaa vumbi, helmeti ya pikipiki kichwani, na hakuivua. Alitazama kona ya dari kwa muda mrefu. Hakuleta moshi wala ngoma. Alimketisha Mama Rangi kwenye kiti chake cha kazi.

"Nisikilize, dada yangu, maana nitasema mara moja, na sitaki kusema hata hiyo moja. Mume wako alikufa jana. Saa tisa kasoro kumi, pale mezani. Kinachomsimamisha ni jini."

"Ameongea na mimi leo. Amenitania."

"Amebaki kidogo. Unajua kiti, mtu akishainuka, kinavyobaki na joto? Ndiyo hivyo. Joto hilo linakwisha."

Mama Rangi alitazama juu, kwenye kona.

"Mimi siwezi kulitoa," aliendelea Mshauri, sauti imeshuka. "Wewe ndiye uliyelipatia kinywaji. Aliyetoa kwa mkono anyime kwa mdomo. Utalitazama machoni, useme mara tatu, 'Sikupi.' Litaondoka, na yeye ataanguka, utamzika kama watu wanavyozikana. Usiposema, litabaki. Litajifunza kutembea mitaani. Na matone saba, dada, hayatalitosha. Litakula wewe kwanza kwa adabu, kisha wengine bila adabu. Mnyonya damu wa kwanza hajawahi kuwepo. Ukilinyamazia, huyu ndiye atakuwa wa kwanza kweli, si wa kwenye picha."

Alimsimamisha chini ya kona. Mwanga wa mlango ulifika nusu ya sakafu ukaishia hapo. Mama Rangi akainua uso, na kile kilichokuwa darini kikateremka taratibu kwa vidole hadi kikasimama mbele yake, kirefu, kimya, kikinuka udongo.

"Sikupi," alisema.

Kilitetemeka. Nyufa ndogo zikatokea kwenye rangi aliyoipaka asubuhi, pembeni mwa macho.

"Sikupi."

Kilipiga magoti. Kutoka kifuani mwake ulitoka mlio kama bawaba zote za ghala zinafunguliwa kwa pamoja, taa zikapasuka moja baada ya nyingine, kamba za chuma zikapiga kuta, Mshauri akajifunika helmeti kwa mikono yote akipiga kelele, "Ya tatu! Mama, ya tatu!" na katikati ya zogo lile lote uso uliokuwa mbele ya Mama Rangi ukalegea, macho yakapata maji, na mume wake, mwenyewe, na ile haya yake, akamtazama kutoka chini.

"Nimekosea mstari?" aliuliza.

Mama Rangi akafungua mdomo.

"Usimwache anibadilishe," alinong'ona mumewe. "Nitarudia. Mwambie nitarudia."

"Si yeye!" alilia Mshauri. "Au ni yeye, lakini ni mwisho wake! Sema!"

Ni neno moja. Mtoto wa miaka miwili hulisema akiwa na biskuti mkononi. Mama Rangi alilishika ulimini, akalishika, akalishika, hadi lile joto la kiti likapoa mbele ya macho yake. Aliliona likiondoka, kama mtu anavyoona taa ya nyumba ya mbali ikizimwa. Kilichobaki magotini kikasimama, kikajifuta unga mabegani, kikamwinamia kwa heshima.

"Ahsante," kikasema.

Mshauri alirudi nyuma hadi mlangoni. Hakumlaumu. Siku ya pili alimpigia simu mwongozaji akaomba asitajwe popote kwenye picha ile.

Wanasema watu kwamba mnyonya damu wa kwanza alizaliwa kwa laana, au kwa vita, au kwa shujaa aliyejiuza. Hapana. Alizaliwa kwa mwanamke aliyeshindwa kusema neno moja mara ya tatu.

Walihamia nyumba ya vyumba viwili, mwisho wa mtaa, wakaziba madirisha. Jini lilikaa kwenye kiti kwa adabu, kama mtu aliyekuja kupimwa nguo. Halikumdhuru. Lilikunywa alichopewa, likafuta mdomo, likashukuru. Lilikuwa na mikono ile, masikio yale, kovu lile la utotoni chini ya kidevu. Kwa wiki nzima Mama Rangi alilitazama tu. Kisha jioni moja, lilipoingia kutoka uani, akasema:

"Hapana. Toka, uingie tena."

Likamtazama.

"Yeye hakupita hivyo. Kila siku aliyojaliwa na Mungu alijigonga nyonga kwenye kona ya meza hii. Kila siku. Halafu anaigombeza."

Jini likatoka. Likaingia, likajigonga. "Hivi wewe meza, huoni ninapopita?"

"Si hivyo. Unaigombeza kama askari. Yeye aliigombeza kama shemeji yake. Tena."

Wakawa wanafanya hivyo kila jioni. Alilifundisha kukuna sikio kabla ya kusema uongo, na kuuliza chumvi iko wapi huku ameishika. Mikono ya Mama Rangi ilizidi kuwa myembamba, na macho yakaanza kuingia ndani. Jirani wa kulia, mzee mmoja wa kufuga njiwa, akaacha kuonekana. Mama Rangi hakuuliza. Alisema tu, "Tena."

Na jioni moja likapata. Liliingia, likajigonga nyonga, likashika meza kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, likasema, "Hivi wewe meza, huoni ninapopita?" na kicheko kikamtoka Mama Rangi kabla hajakizuia, kicheko kizima, cha miaka ile yote. Kilipokwisha akakaa sakafuni. Hakuna tena kitu cha mume wake ambacho mwingine hangeweza kukifanya. Siku hiyo ndiyo aliyofiwa.

Jini likaja likapiga magoti kando yake. Likangoja amalize kulia.

"Nimepata?" liliuliza.

"Umepata."

Likaendelea kungoja, mdomo umefungwa, kwa adabu zote. Mama Rangi akakunja mkono wa blauzi.

"Kesho," alisema, akilinyooshea, "nitakufundisha alivyokuwa akilala."